Mama Aliponinyima Makuti

Vijana wangu, nyinyi mnaopanda paa kwa viatu vya mpira na kufunga makuti kwa kamba za nailoni, siwacheki. Nailoni haiozi upesi, na viatu vinaokoa nyayo. Sisi tulipanda pekupeku, na kamba zetu zilikuwa za makumbi ya nazi. Tulizitia majini tangu asubuhi zilainike, tukafunga zikiwa bado zinachuruzika, zikikauka zinakaza kwelikweli. Mikono yote miwili ilishika kuti, kwa hiyo kamba ilibanwa kwa meno. Ukimwona mzee wa Gede au Malindi ana pengo mbele, usimuulize alipigana na nani. Muulize aliezeka hoteli ngapi.

Basi nianze na hiyo kamba iliyolowa, maana ndiyo iliyoniua. Nasema iliyoniua kwa sababu ndivyo Mama alivyoambiwa, na watu wa kwetu Gede wakalia kilio changu kuanzia alasiri moja hadi asubuhi ya pili yake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sijaoa, na nilijiona hodari kuliko nilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya themanini, hoteli zikiota ufuoni kama uyoga, na kila mwenye hoteli alitaka paa la makuti. Fundi wangu alikuwa Mzee Karisa, mtu wa Kaloleni, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo ilitulazimu kunyamaza ili tumsikie. Alitufundisha kwamba paa huanzwa chini, kwenye ukingo, likapanda safu kwa safu hadi kileleni, na kati ya kuti na kuti ni vidole vinne. Siku ya kwanza aliyoniachia upande mmoja peke yangu nilipanga kwa vidole sita, nimalize mapema nikacheze mpira. Mzee Karisa hakunigombeza. Alingoja mvua ya kwanza, akaniita, akaniambia nilale chali chini ya kazi yangu mpaka mvua iishe. Tangu siku hiyo vidole vyangu ni vinne, hata nikiwa na haraka ya namna gani.

Ubaya wake ulikuwa mmoja: alichukia kuona waya. Kwake yeye paa lililokwisha ni lile ambalo mgeni akilitazama kwa ndani anaona fito, kamba na makuti, basi. Waya wa taa ukining'inia, alikuwa anatutazama sisi mpaka mmoja wetu anauficha. Nasi tulikuwa tunauficha kwa kuufunga kwenye fito kwa kamba ile ile ya makumbi. Hakuna mtu mwingine duniani angefikiria kufunga waya wa stima kwa kamba yenye maji huku ameibana kwa meno. Wezekaji tulifanya hivyo kila wiki na tukajiona wasafi.

Siku ile tulikuwa tunamalizia kibanda cha vinywaji kando ya bwawa la kuogelea, katika hoteli moja ambayo sitaitaja. Paa lilikuwa la chini, mtu mrefu angeligusa. Fundi wa stima alituambia asubuhi kwamba waya ule haukuwa na kitu, na aliposema hivyo alikuwa mkweli. Tulipokwenda kula, mtu akawasha swichi ili ajaribu friji. Tuliporudi sikuuliza tena. Nilikaa ukingoni, miguu mitupu, kamba mdomoni, nikaushika waya niufiche.

Mimi sikumbuki zaidi ya hapo. Yanayofuata niliambiwa, na kila aliyekuwapo ana yake, lakini katika haya wote wanakubaliana.

Nilianguka juu ya rundo la makuti, waya ukaja nami. Mzee Karisa akakimbia kunishika. Aliyemzuia alikuwa Lali, mlinzi wa bwawa. Huyu Lali alikuwa Mbajuni, kijana mpole, kazi yake kuwatoa majini wageni wasiojua kuogelea. Alikuwa amefundishwa namna ya kumrudisha mtu aliyekata pumzi, na kila siku baada ya chakula alifanya mazoezi juu ya gunia la makumbi aliloomba kwetu. Alikuwa akilibonyeza na kuhesabu kwa sauti. Sisi juu ya paa hatukumpa nafasi. Tulimuuliza kama gunia limeamka, kama limekunywa uji, kama ndugu zake wameshaarifiwa. Mwenye mdomo mrefu kuliko wote nilikuwa mimi.

Lali akamkinga Mzee Karisa kwa mkono, akachukua ufito mkavu na kuupiga waya mpaka ukaniachia. Lishikeni hilo, vijana. Mtu aliyeshikwa na stima hashikwi kwa mkono. Swichi kwanza, na ikiwa mbali, mti mkavu. Kisha akaweka sikio lake puani pangu, hakusikia kitu. Akatafuta mshipa shingoni, hakuupata. Akapiga magoti akaanza kunibonyeza kifua kwa nguvu zake zote, na kila baada ya muda akanipulizia pumzi mdomoni.

Sasa jiwekeni mahali pa Mzee Karisa. Hajapata kuona jambo kama lile. Kijana wake amelala amekufa, na mtu wa bwawani anamtwanga maiti kifua hadi mbavu zinasikika zikivunjika. Alimshika Lali ukosi wa shati akamvuta. Alimwambia amwache marehemu apumzike, kwamba kwa watu wetu maiti hapigwi. Lali hakugeuka.

"Mzee wangu, niwie radhi," alisema. "Utanipiga nikimaliza."

Akaendelea. Wengine wanasema dakika tano, wengine wanasema kama wakati wa kumenya nazi kumi. Hatimaye nikakoroma mara moja, nikanyamaza, nikakoroma tena. Mzee Karisa akauachia ukosi wa Lali, akaketi chini kwenye makuti, na hakuweza kusimama mpaka gari la hoteli lilipokuja kunichukua.

Lakini mwenzetu Chengo hakuwa ameungoja huo mkoromo. Chengo alikuwa mtu wa haraka katika kila jambo isipokuwa kazi. Aliponiona nimelala na Mzee Karisa anasema marehemu, alitoka mbio hadi barabarani, akapata gari, akafika Gede kumpa Mama habari. Mama alikuwa ameketi anashona makuti. Wanawake wa kwetu ndio walioshona makuti ya nusu ya hoteli zile, na Kadzo, mama yangu, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Aliinuka, wakasema, na lile kuti likiwa bado mkononi, akapiga ukemi. Kufikia jioni ua ulijaa watu. Binamu zangu walianza kuchimba, na nilipokuja kuliona shimo lenyewe baadaye, lilikuwa linafika kiunoni. Waliniambia mwamba ndio uliowachelewesha. Mimi nikawaambia ni uvivu, na kwa mara hii tu nawashukuru kwa huo uvivu.

Habari ya kwamba ni mzima ilifika asubuhi. Mama hakuiamini. Alikuja hospitali na kanga za msiba, akasimama mlangoni pa wodi, akanitazama hadi nikapepesa macho. Alikuja akakaa kitandani, akanishika kidole gumba cha mguu, akakishikilia mpaka walipomwambia muda wa wageni umekwisha.

Daktari alinieleza kwa lugha nyepesi. Stima iliushtua moyo ukasimama, Lali akausukuma kwa mikono kutoka nje hadi ukakumbuka kazi yake. Moyo wenyewe, alisema baada ya kuupima, haukuwa na kasoro. Mbavu zipone, nitembee kila siku kidogo kidogo, nirudi kwake apime tena, na mambo yakiwa mazuri niende zangu kazini. Paani pia? nikamuuliza. Paani pia, akasema, lakini waya uwaachie wenyewe.

Nyinyi mnadhani kupona ni kutoka hospitali. Siku ya kwanza nyumbani nilitembea hadi mpapai wa uani nikarudi nikalala kama niliyelima. Wiki ya pili nikafika kwa jirani. Wiki ya tano nikafika dukani barabarani, nikasahau nilichotumwa. Kusahau ndiko kulikoniuma. Siku moja nilichukua kipande cha kamba nifunge fundo la mwezekaji, fundo ambalo nilikuwa nalifunga gizani, na vidole vikasimama. Nilikaa na ile kamba mapajani, nikalia. Nawaambia hivyo ili siku moja ikiwafika, au imfike mwenzenu, msidhani ni wazimu. Mambo yalirudi. Majina ya watu yalirudi kwanza, halafu mzaha, na nguvu za miguu zikaja polepole. Mwezi wa tatu tangu nianguke nilikwenda hadi Watamu na kurudi kwa miguu, na daktari akanipima, akasema kazi sasa ni yangu.

Mzee Karisa akaja kunichukua. Alimletea Mama sukari na majani ya chai, akala wali, akasema alilojia. Mama akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia, kwa adabu kabisa, kwamba siku atakayosikia mwanawe ameonekana juu ya paa lolote, yeye Mzee Karisa asije tena Gede kutafuta makuti. Si kwake tu. Alikuwa ameshazungumza na wanawake wote, na wote walikuwa wamekubali, maana wote walikuwapo siku ya kilio.

Mzee Karisa alinitazama, nami nikatazama chini. Alikuwa na kazi tatu mkononi, na fundi bila makuti ni mtu tu mwenye ngazi. Akanipa kazi ya chini. Nikawa mtu wa kuchambua makuti, kutia kamba majini, kuchemsha chai. Nilikaa kivulini na pipa langu la maji, wenzangu wakiniita Bi Harusi kwa sababu sikuruhusiwa kuguswa na jua. Nilinenepa. Waliponicheka nilisema ningekuwa juu zamani kama si Mama. Kila mtu alinionea huruma, na mimi nikaipokea ile huruma kwa mikono miwili.

Nilikaa hivyo miezi minne.

Siku moja Lali alikuja kunitazama. Alikuwa amehamia hoteli nyingine upande wa Malindi, na alikuja na mahamri aliyoyafunika kwa kawa, bado ya moto. Tulikaa karibu na pipa langu tukala. Nilimshukuru, kama nilivyomshukuru kila tulipoonana, naye akaikata shukrani kwa mzaha kama kawaida yake, akaniuliza kama zile mbavu zinajua kutabiri mvua. Nikamweleza habari ya Mama na makuti, vile ninavyoonewa. Nilikuwa nimeshaisimulia mara nyingi, ilitoka vizuri. Lali akatafuna mpaka nikamaliza.

"Ndugu yangu," akasema, "siku ile mikono yangu ilikuwa yatetemeka hata naona haya. Wewe hukuona, ulikuwa umelala. Haya niambie, hofu hii ni ya mamako au ni yako?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba ni ya Mama. Alinisogezea hamri la mwisho, akaaga, akaenda. Nikabaki na pipa, na niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena maishani. Kwa sababu nilijua. Kila asubuhi wenzangu walipoweka ngazi, nilikuwa naugeukia moto wa chai nisiitazame. Nilikuwa nikiota mguu wangu ukitafuta fito na kukosa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne sasa, na nilikuwa nimejificha nyuma ya kanga ya mama yangu, nikimtukanisha kwa watu kwamba yeye ndiye aliyenifunga.

Jioni ile nilimkuta Mama uani akishona. Nilikaa mbele yake chini.

"Mama," nikasema, "si wewe unayenizuia. Ni mimi ninayeogopa. Nimekusingizia."

Mkono wake ulisimama kwenye kuti. Nilidhani atakasirika, au atafurahi kwamba sasa tuko upande mmoja. Alisema siku zote amedhani mimi nataka kupanda na yeye ndiye kamba, kwa hiyo akakaza. Hakujua kwamba amekuwa akimfunga mtu ambaye hajasimama. Kisha akaendelea kushona, nami nikakaa pale kumchambulia majani mpaka giza likaingia. Hatukulizungumza tena.

Sasa mjue kwamba Mzee Karisa naye hakuwa amelala. Masika yalikuwa yameanza, na paa la Mama lilikuwa linavuja. Kinyozi hajinyoi, na mshona makuti wa hoteli zote alikuwa amelala chini ya makuti ya miaka tisa. Aliposaka fundi, kila mwezekaji alimpa udhuru. Huyu goti, yule ana msiba. Mzee Karisa alikuwa amewaambia wote kwamba paa la mwanamke aliyemnyima fundi wake litaezekwa na fundi huyo, yaani mimi, au haliezekwi. Mama alipanga sufuria tatu na beseni chini ya matundu, akasema mvua ni baraka. Mvua ikaongeza baraka, na sufuria zikawa sita.

Siku ya tatu baada ya mimi kumwambia ukweli, kulikucha na jua. Niliamka nikamkuta ameshatoa makuti yake mapya nje, ameyapanga ukutani, kamba zimo majini. Alikuwa ameegemeza ngazi.

"Paa langu linavuja," akasema. "Panda. Leo nataka kukuona kwa macho yangu."

Ngazi ile ilikuwa na vidato saba. Nilipanda vitatu, nikashuka. Mama alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili. Hakunitia moyo wala hakunikataza, alitazama mbele tu. Nikapanda tena vinne, nikashuka. Majirani wakaanza kukusanyika, na katika hao Chengo, nikamwambia asiende popote safari hii mpaka aone mwisho. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na nikiwa bado nacheka nikapanda vyote saba, nikalala kifudifudi juu ya makuti makuukuu. Moyo ulikuwa unapiga mpaka nikausikia masikioni. Nikautegea sikio. Ulipiga vizuri, ukaendelea. Nikasema, haya.

Nikaanza kung'oa ya zamani. Mama akaacha ngazi akaja upande wa makuti, akawa ananipandishia moja moja kwa ufito, kazi ya msaidizi. Nilipofika fundo la kwanza nilifumba macho nikaviacha vidole. Vikafunga. Sikuweka kamba mdomoni, na tangu siku hiyo sijaiweka. Vidole vinne, safu kwa safu. Adhuhuri nilikuwa katikati, alasiri nikakaa kileleni, nikiona barabara na maduka na moshi wa majiko ya watu. Nilikuwa na furaha iliyonijaa hadi kooni, na sikuwa na mtu wa kumwambia huko juu.

Nimeezeka miaka thelathini na mitatu baada ya hapo. Nimeezeka hoteli, misikiti midogo, banda la kanisa, nyumba ya harusi yangu mwenyewe na za watoto wangu. Siku hizi wananiletea makuti ya plastiki nitoe maoni, nami nasema ni mazuri, maana mtu mzima hatafuti ugomvi na plastiki. Lakini nikiitwa kwenye kazi ya vijana, kabla ngazi haijaegemezwa nauliza mambo mawili. Nani amezima swichi, na ameulizwa tena baada ya chakula? Na nani hapa anajua kubonyeza kifua? Wakitazamana, kazi haianzi. Namlaza mmoja chini hapo hapo na kuwafundisha wengine pa kuweka mikono, kama Lali alivyonifundisha mimi baadaye. Wanacheka sana. Waacheni wacheke. Mimi nilicheka kuliko wao.

Siku ile nilishuka kwenye paa la Mama jua likiwa bado kali. Majirani walikuwa wameshatawanyika, Chengo wa mwisho. Mama akaniita karibu. Akafuta kiganja chake kwenye kanga, akakiweka kifuani kwangu, upande ule wenye mbavu zilizoungana vibaya, akakiacha pale. Nilikuwa natoka jasho, nimejaa vumbi la makuti ya zamani. Hakuwa na haraka.

"Mwambie Karisa aje na gari," akasema. "Makuti yake yapo."

Kisha akaingia ndani, akalala mchana kweupe, usingizi mzito ambao nadhani hakuwa ameupata tangu siku Chengo alipoingia uani. Wanawake wenzake walikuja na maswali, nami nikakaa mlangoni nikiwaomba waseme polepole.